Kutoka Mkunazini hadi Kwa Shiundu: niliyoyaona katika makumbusho ya utumwa, Unguja

MwalimuWaShibale

Wanajamvi, hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa Historia na Kiswahili katika shule moja ya upili karibu na Mumias. Agosti iliyopita, shule zilipofungwa, tulifunga safari walimu wanne kwenda Unguja kwa pesa zetu wenyewe: basi la usiku hadi Nairobi, gari la moshi hadi Mombasa, basi jingine lililotuvusha mpaka wa Lungalunga, kisha boti kutoka Dar es Salaam. Watu wa nyumbani waliniuliza kama nimeanza kujifanya mtalii. Ukweli ni kwamba nimefundisha mada ya biashara ya utumwa kwa miaka kumi na mmoja bila kuwahi kukanyaga hata mahali pamoja ninapopataja ubaoni, na jambo hilo lilikuwa limeanza kunikera.

Soko la watumwa lilikuwa Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe. Sultani Barghash bin Said alilifunga mwezi wa Juni 1873, baada ya kutia sahihi mkataba ambao Waingereza walimsukumia huku wakimtishia kukizingira kisiwa kwa manowari. Krismasi ya mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana papo hapo sokoni. Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere, aliyekuwa askofu baadaye, na ambaye sisi walimu wa Kiswahili tunamjua zaidi kwa kazi zake za sarufi na tafsiri. Waelekezi husema kwamba madhabahu imewekwa pale uliposimama mti wa kuwachapia watumwa, na sakafuni mbele yake pana duara la marumaru ambalo wageni wote tuliokuwa nao walilizunguka bila kulikanyaga, ingawa hakuna aliyewakataza. Kuna pia msalaba uliochongwa kutokana na mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone huko Chitambo, nchini Zambia. Mwelekezi wetu, kijana mpole mwenye Kiswahili cha kuonewa wivu, alituonyesha nguzo zilizosimamishwa miguu juu kichwa chini, akasimulia kwamba mafundi walizipachika hivyo Steere alipokuwa safarini. Tukacheka. Baada ya hapo sikumbuki kama tulicheka tena siku hiyo.

Chini ya jengo la jirani, lililokuwa la wamisionari, mna vyumba viwili ambavyo wageni huambiwa kuwa watumwa waliwekwa humo wakisubiri mnada. Huingii wima. Kila upande kuna ukingo mpana wa mawe, katikati ni mfereji mwembamba, na hewa inapita kwenye tundu jembamba lililo juu kabisa ukutani. Mwelekezi alisema kwamba chumba kimojawapo kiliwekwa wanawake na watoto 75. Sisi tulikuwa watu tisa na tayari tulikuwa tunagusana magoti. Mwenzetu anayefundisha Hisabati alianza kuupima ule ukingo kwa shibiri zake, kutoka mwanzo hadi mwisho, akahesabu kimoyomoyo, akagawanya, kisha akatoka nje bila kutuambia jibu lake. Mpaka leo hajasema.

Uani kuna shimo la mraba lililojengewa kwa mawe, na ndani yake wamesimama watu watano wa mawe waliochongwa na Clara Sörnäs wa Uswidi mwaka 1998. Shingoni wamefungwa mnyororo halisi wa enzi zile. Ukisimama ukingoni unawatazama kutoka juu, mahali alipokuwa akisimama mnunuzi, na nadhani mchongaji alikusudia utambue hivyo mwenyewe.

Lakini nilichorudi nacho nyumbani ni maneno. Nilipokuwa nikisoma habari za njia za misafara, nilianza kuyaorodhesha kwenye daftari: kongwa, yaani ule mti wenye panda aliofungwa mateka shingoni ili asikimbie njiani, mtwana, mjakazi, mzalia, aliyezaliwa utumwani, suria, hamali, dalali. Yote nimewahi kuyatoa katika mazoezi ya msamiati, tena kwa alama mbili mbili. Halafu nikafika kwenye watoro.

Wakati wa kurudi tulipitia Rabai, nje kidogo ya Mombasa, kwenye Makumbusho ya Krapf. Johann Ludwig Krapf alianzisha misheni pale mwaka 1846. Kufikia miaka ya 1880 Rabai palikuwa pamejaa watu waliowatoroka mabwana zao katika mashamba ya pwani, na watu hao ndio walioitwa watoro. Mabwana walitishia kuja kuwachukua kwa silaha. Mnamo tarehe 1 Januari 1889, George Mackenzie wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki aliwalipa mabwana hao fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na misheni nyingine wakapewa vyeti vya uhuru. Ndugu zangu, neno hilo mimi huliandika kila asubuhi katika rejista ya darasa. Mtoto akienda kukata miwa siku ya soko, mbele ya jina lake naandika "mtoro".

Aliyekuwa akiwahifadhi watoro wengi pale Rabai ni William Jones, Myao aliyekamatwa utotoni akaishia India, ambako wamisionari waliwalea watoto waliookolewa kutoka mikononi mwa wauzaji, kisha akarudi Afrika Mashariki mwaka 1864 kama mwinjilisti. Mwaka 1885 aliandamana na Askofu James Hannington katika safari ya kwenda Uganda. Walipofika mahali ambapo vitabu vya wakati ule huandika "Kwa Sundu", askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na wapagazi 50. Aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba pamoja na karibu wote aliokuwa nao. Jones alisubiri mpaka wakarudi manusura wachache kumpa habari, ndipo akaurudisha msafara pwani kwa miguu, na Februari 1886 waliingia Rabai wakitanguliwa na bendera ya buluu iliyoshonewa kwa herufi nyeupe neno "Ikabodi", utukufu umeondoka.

Kwa Sundu ni Kwa Shiundu, mfalme wa zamani wa Wawanga. Ni Mumias. Mtu aliyekuwa mtumwa, na ambaye miaka mitatu baadaye angeshuhudia watoro wake wakipewa vyeti, alikaa akisubiri mwendo wa dakika chache kutoka ninapopandia bodaboda. Nimesomesha habari za Hannington mara nyingi, na Jones sijawahi kumtaja hata mara moja.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Sisi wa Magharibi hupenda kusema kwamba utumwa ni habari ya Wapwani. Lakini Kiswahili hiki ninachoandikia hapa kilifika kwetu kabla ya serikali na kabla ya shule, kikiwa kwenye midomo ya watu wa misafara, na miongoni mwa watu hao walikuwamo mabwana na walikuwamo watumwa. Naomba tulijadili hilo.

Msimamizi

Asante, Mwalimu. Uzi huu unagusa mambo ambayo huwasha moto haraka, hasa dini na asili za watu. Atakayetukana ataondolewa bila onyo. Tujadiliane kiungwana.

Mvuvi_Dunga

Mwalimu, nimesoma yote, na nakushukuru kwa kutupeleka kwa maneno mahali ambapo nauli hainiruhusu. Hata hivyo sikubaliani nawe katika hoja ya mwisho. Kisumu haikuwa na soko la watumwa. Babu zetu wa upande huu wa ziwa walifuga, walivua, walipigana na majirani kama watu wote. Walioibiwa na kuuzwa walikuwa wengine, wa kule Nyasa na Kilwa. Nachelea kwamba tukianza kujitwisha historia ambayo haikuwa yetu, tutawapokonya wenyewe huzuni yao.

Tena swali dogo. Unasema soko lilifungwa 1873. Kwa nini basi watu walikuwa bado wanatorokea Rabai miaka kumi na mitano baadaye?

MwalimuWaShibale

Ndugu Mvuvi, nianze na swali, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi wangu wote huteleza. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kuwauza sokoni. Haukumgusa mtu aliyekwisha kununuliwa. Aliyekuwa akipalilia mikarafuu Pemba siku ya Jumatano aliendelea kuipalilia Alhamisi. Biashara yenyewe nayo ilihamia gizani: huko Mangapwani, kaskazini mwa mji wa Unguja, kuna chumba kilichochimbwa kwenye mwamba ambamo watumwa walifichwa baada ya soko kufungwa. Hali ya utumwa kisheria ilifutwa Unguja na Pemba tarehe 6 Aprili 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922.

Na hata amri ya 1897 ilikuwa na mlango mwembamba. Mtumwa hakuamka akiwa huru. Ilimpasa aende mahakamani kuomba, na ilimpasa aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa kuwa mzururaji. Fidia ilikwenda kwa bwana. Masuria hawakuhesabiwa miongoni mwa walioweza kuomba, mpaka 1909. Ndiyo maana wengi walibaki pale pale walipokuwa, kwa mapatano mapya na bwana yule yule.

Kuhusu hoja yako, nakubali nusu. Ni kweli kwamba wengi waliopitishwa Unguja walitoka pande za Ziwa Nyasa kupitia Kilwa, na kwamba huku kwetu bidhaa kuu ilikuwa pembe za ndovu. Sitaki kujitwisha msiba wa Wayao. Ninachosema ni kwamba njia ilipita kwetu, na njia haipiti mahali bila kuacha kitu.

BintiLureko

Assalamu alaikum na salamu kwa wasio Waislamu pia. Mwalimu, mimi ni mzaliwa wa Mumias, katika familia ya Waislamu wa siku nyingi, na uzi wako nimeusoma mara mbili kwa moyo mzito.

Niseme kwanza jambo linaloniudhi. Kila mtu akirudi Unguja, hadithi huwa ni Mwarabu mwenye mjeledi na Mzungu mwenye funguo. Waliokopesha mitaji, waliotoza ushuru bandarini, waliovamia vijiji bara na kuwauza majirani zao, walionunua pembe zile wakazichonga vibao vya piano na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani, hao wote husahaulika mara moja. Wala Mwislamu wa leo hana la kujibu kwa niaba ya msafara wa Pangani, kama vile Mwanglikana wa leo hana la kujisifia kwa niaba ya Steere.

Baada ya kusema hayo, nakuunga mkono. Katika familia yetu inasemwa kwamba babu wa nyanya yangu "alikuja na msafara". Basi. Sentensi inaishia hapo. Nilipokuwa mdogo nilidhani alikuwa mfanyabiashara mwenye kanzu nyeupe, na nilijivuna shuleni. Nilipofika chuo nikasoma kwamba wapagazi wa misafara ya pwani wengine walikuwa watu huru na wengine walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, wakirudi wanagawana ujira na bwana. Tangu siku hiyo sentensi ile imenikaa kooni. Alikuja na msafara, sawa. Je, alikuja akiwa wa nani?

MwalimuWaShibale

Bi. Lureko, nimekusikia, na kuhusu hadithi ya mjeledi na funguo naona umeninyoosha mahali palipopinda. Nilipoandika juu ya Rabai nilimpa Mackenzie kitenzi kikuu. Lakini watu wale walikuwa wamekwisha kujikomboa kwa miguu yao kabla hajafika na mkoba wake wa fedha. Wengine hata hawakwenda kwa wamisionari. Walikwenda ndani zaidi, upande wa Wagiriama, wakajenga kijiji chao cha Fuladoyo. Cheti kilikuja kuthibitisha jambo lililokwisha kufanyika.

Na swali lako la mwisho nitalipeleka darasani, ukiniruhusu, bila kutaja familia.

MkaziWaNjoro

Habari za jioni kutoka Nakuru. Mimi nilisikia tangu utotoni kwamba Mumias ndipo palipokuwa soko kubwa kuliko yote la watumwa katika Kenya nzima. Je, ni kweli? Na la pili, nimewahi kusikia kutoka kwa mtu aliyesomea mambo haya kwamba vile vyumba vya Mkunazini si vya watumwa hata kidogo. Isije ikawa mlilia ndani ya ghala.

MwalimuWaShibale

Mzee wa Njoro, la kwanza si kweli, na nasikitika kwamba hata baadhi yetu walimu hulirudia. Mumias palikuwa kituo cha misafara. Watu walifika wakiwa hoi baada ya kuvuka nchi ya Wamaasai, wakanunua nafaka, wakapumzika kwa majuma, wakaacha wagonjwa wao, kisha wakaendelea Samia, Busoga au Elgon kutafuta pembe. Mskoti Joseph Thomson alifika mwishoni mwa 1883, akiwa ameandamana na mfanyabiashara wa Pangani, Jumbe Kimameta, ambaye njia aliijua kabla yake. Shiundu alikuwa amekwisha kufariki, na mwanawe Nabongo Mumia ndiye aliyetawala. Wafanyabiashara wenye bunduki waliingia katika ugomvi wa majirani, na mateka walichukuliwa. Hilo siwezi kulifunika. Lakini kati ya kituo ambako mateka walichukuliwa na soko kubwa kuliko yote kuna umbali, na ukiuruka umbali huo unamharibia ushahidi yule yule unayedai kumtetea.

Ajabu ni kwamba wewe ndiwe uliye njiani zaidi yangu. Misafara ya Thomson na ya Hannington ilipita Naivasha, Elmenteita na Nakuru, ikaelekea Baringo kutafuta chakula kwa Wanjemps, ndipo ikapanda kuja huku. Ukienda Hyrax Hill na kutazama ziwa, unatazama mahali walipolitazama wao.

La pili lina uzito. Jengo lililo juu ya vyumba vile lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na wako wanahistoria wanaoona kwamba vyumba ni sehemu ya jengo hilo. Mwelekezi wetu hakulitaja hilo, na mimi sikumwuliza nilipokuwa nimeinama mle ndani. Soko lenyewe halina ubishi, lilikuwa pale. Makadirio ya miaka ya 1860 huzungumzia takriban watu 20,000 kwa mwaka waliopitishwa Unguja. Kwa hiyo nikirudi na wanafunzi, nitawaambia kwamba wanaingia mahali pa kukumbukia, kisha nitawaambia na ubishi wake, nao ni wakubwa, watapima wenyewe. Mwalimu wa Hisabati amekwisha kupima.

Omusakhulu_Webuye

Mwalimu, nitakuchekesha kidogo. Binti yangu yuko katika darasa lako la kidato cha tatu. Alirudi nyumbani akasema ule msalaba wa Unguja ulichongwa kutoka mti wa Chetambe. Nikamwuliza, Chetambe yetu hapa mlimani, tulipopigana na Waingereza mwaka 1895? Akasema ndiyo, mwalimu ametuonyesha picha. Nimejivuna nao ule mti siku mbili nzima mpaka niliposoma uzi huu nikakuta ni Chitambo ya Zambia.

Turudi kwenye uzito wa mambo. Ninyi mmeishia 1907. Sisi huku utumwa tuliujua baada ya kufutwa kwake. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, na vita vilipokwisha ikaanza kutumika; mwanamume mzima alitembea na karatasi yenye alama za vidole vyake ndani ya mkebe wa chuma, umening'inia shingoni. Babu yangu aliuvaa. Mwalimu ameandika habari ya kongwa, na nilipoisoma mkono wangu ulikwenda wenyewe shingoni.

Mvuvi_Dunga

Hapo, Mzee, umeniingiza mjadala ambao nilikuwa nimeukataa. Hayo ndiyo yaliyowakusanya watu Lundha, Gem, mnamo Desemba 1921, wakati wa vuguvugu la Piny Owacho: kipande, kodi ya kibanda, kazi za lazima, wasichana kupelekwa mashambani.

Nimekuwa nikifikiri pia juu ya maneno, kama Mwalimu alivyoanza. Kwa Kidholuo neno "misumba" hutumika kwa mtumwa, na neno hilo hilo hutumika kwa mwanamume asiye na mke. Nimelisikia maisha yangu yote likitupwa kama mzaha kwa vijana wanaochelewa kuoa. Kumbe lugha ilikuwa inasema kwamba mtumwa ni mtu asiye na boma, asiye na wa kumpikia wala wa kumzika. Kwa hiyo tulikuwa na neno hata kabla ya msafara. Sijui kama hilo linanipunguzia mzigo au linaniongezea.

MwalimuWaShibale

Mzee wa Webuye, nimekubali kosa la Chetambe, na kesho litasahihishwa mbele ya darasa zima. Kuhusu kipande, mimi huwa mwangalifu. Mwenye kipande hakuuzwa, na watoto wake hawakuzaliwa wakiwa mali ya mtu. Nikiyaita yote utumwa, sitakuwa na neno la kumpa yule wa Mkunazini. Hata hivyo serikali iliyofuta utumwa pwani 1907 ndiyo iliyokuwa ikiwatafutia walowezi vibarua bara, na haikuchukua hata miaka kumi kuandika sheria ya kipande. Mambo hayo mawili yamo katika sura tofauti za kitabu cha shule, na mtoto hafahamu kwamba yalitoka ofisi moja.

Ndugu Mvuvi, nimeliandika neno lako daftarini chini ya mengine.

MjukuuWaMahuru

Nimekuwa nikisoma kimya kwa siku tatu. Naishi Nakuru kwa sababu ya kazi, lakini kwetu ni Kisauni, Mombasa, na ninyi nyote mnazungumza juu ya watu wangu.

Frere Town ilianzishwa 1875 kwa ajili ya walioachiliwa huru, wengi wao wakiwa wametolewa kwenye majahazi na manowari za Waingereza. Waliitwa mahuru. Ile kengele iliyokuwa ikigongwa kuwaonya watu ipo hadi leo kando ya barabara, na mtaa umeitwa Kengeleni. Makanga wa matatu hulipaza jina hilo siku nzima, "Kengeleni wawili, Kengeleni wawili", na sidhani kama mmoja katika mia anajua ilikuwa ikimwonya nani.

Naomba niseme juu ya majina, kwa sababu Mwalimu amemtaja William Jones bila kusimama hapo. Jones ni jina la nani katika Uyao? Matthew Wellington, mmoja wa waliousindikiza mwili wa Livingstone hadi pwani, alizaliwa akiitwa Chengwimbe. Alifia Mombasa mwaka 1935, na watu walimzika kwa jina la jemadari wa Kiingereza. Babu wa babu yangu naye alipewa jina la Kizungu mlangoni mwa misheni, na ndilo lililo kwenye kitambulisho changu. Polisi wakinisimamisha huku bara huniuliza kabila. Nikiwajibu "Mhuru" hudhani nawafanyia mzaha.

Na mnapozungumza juu ya vyeti, kumbukeni ardhi. Mwaka mmoja baada ya utumwa kufutwa pwani ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, iliyomtaka kila anayedai shamba alete madai yake. Mtu aliyekuwa mali ya mwingine mpaka jana angedai shamba gani? Wengi wakawa maskwota juu ya udongo waliokuwa wameulima maisha yao yote. Makumbusho huonyesha mnyororo kwa kuwa mnyororo unaonekana. Shamba ambalo mtu hakupata huwezi kulitundika ukutani.

MwalimuWaShibale

Nimesoma maneno yako nikayarudia, na sina la kuongeza juu yake isipokuwa kwamba nimempita Jones haraka, na umenirudisha. Je, familia ilihifadhi jina la kwanza, lile la kabla ya misheni?

MjukuuWaMahuru

Hapana, Mwalimu. Mzee mmoja alikuwa akilijua. Alifariki kabla sijazaliwa.

MkaziWaNjoro

Pole sana, jirani. Tunaishi mji mmoja na sikuwahi kulisikia jambo hili.

Mwalimu, nina wajukuu wawili, wa miaka saba na kumi na miwili. Nikipata nauli, je, niwapeleke?

MwalimuWaShibale

Wa kumi na miwili, ndiyo, na usimwongoze sana, mwache aulize. Wa miaka saba mpeleke kanisani na kwenye bustani, vyumbani asiingie. Niliona mtoto wa umri huo akibebwa kutolewa mle, na aliyembeba naye alikuwa akilia. Ikiwa Unguja ni mbali, anzia Rabai na Kengeleni, zote ni za siku moja kutoka Mombasa. Na kabla ya yote hayo, njoo Mumias tukuonyeshe Kwa Shiundu.

BintiLureko

Wapenzi, samahani kwa kukawia. Nilikwenda kumwuliza nyanya.

Kwanza nicheke na Msimamizi. Mwanzoni alituagiza tujadiliane kiungwana. Zamani pwani muungwana alikuwa mtu asiyekuwa mtumwa, aliyezaliwa huru katika ukoo unaojulikana. Na watu wa bara, yaani mimi na wewe Mvuvi na Mzee wa Webuye, tuliitwa washenzi, watu wanaofaa kuletwa kwa kamba. Leo washenzi wa jana wanaagizana uungwana jamvini.

Sasa nyanya. Nilimwuliza moja kwa moja kama babu yake alikuwa mpagazi huru au mtumwa wa mtu. Alinitazama kwa muda mrefu, akaendelea kuchambua mboga, nikadhani amekataa. Kisha akaniambia kwamba yeye alikuwa mdogo sana mzee alipofariki, na kwamba nyumbani neno hilo halikutamkwa. Kitu kimoja tu anakikumbuka. Watoto walipomwomba mzee awasogezee kigoda, au mkewe alipomwambia apite dukani akirudi msikitini, alikuwa akijibu, bila hasira, "Mimi si wa kutumwa." Wote walidhani ni uvivu, wakamtania kwa neno hilo hata mbele ya wageni. Lakini nyanya anasema kwamba yeye naye hakumtuma mtu. Alikuwa na wake wawili na wajukuu wamejaa uani, na maji yake ya kutawadha alijichotea mwenyewe mtoni kila alfajiri mpaka mwaka aliokufa.